Baba, mwana na hema moja kando ya mto Udzungwa

Basi la kwenda Ifakara likishaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, abiria wengi husogea dirishani. Barabara kuu inakatiza mbugani kwa kilomita 50 hivi, na kwa nauli ileile ya basi unaona twiga, pundamilia na, ukibahatika, tembo. Watoto hupiga kelele, wazazi hutoa simu.

Ijumaa ya Agosti 8, 2025, sikukuu ya Nane Nane, mzee mmoja wa miaka 63 hakuangalia twiga hata mmoja. Alikuwa ameinamia kiti cha mbele, mikono yote miwili imeng'ang'ania chuma, jasho linamtoka. Kijana wake wa miaka 27 aliyekaa pembeni alidhani ni kichefuchefu cha safari. Akamfungulia chupa ya maji.

"Acha, mwanangu. Nitakunywa tukifika," mzee alisema bila kuinua kichwa.

Ndani ya hifadhi basi halisimami abiria wakachimbe dawa. Utaratibu huo una maana yake, kwa sababu simba hawezi kutofautisha mtalii na abiria wa Ifakara. Mji wa Mikumi ulipoonekana, mzee alikuwa ameshafika mlangoni kabla basi halijasimama. Alishuka wa kwanza, akarudi wa mwisho, dereva ameshapiga honi mara mbili.

Kijana hakulitilia maanani. Alikuwa na mambo mengine kichwani, likiwamo hema la kuazima ambalo hakuwahi kulifungua.

Mto wa utotoni

Safari hiyo ilikuwa deni la siku nyingi. Mzee huyo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi Morogoro mjini, alikulia Mang'ula, chini ya Milima ya Udzungwa. Baba yake alihama kutoka Njombe kufuata kazi ya reli ya TAZARA. Mwaka 1972, akiwa na miaka 10, mwalimu alishushwa hapo na mama yake pamoja na wadogo zake watatu. Ujenzi wa reli ulikuwa umepamba moto na Mang'ula ilikuwa moja ya kambi kubwa za kazi.

Watoto wake wote walilelewa kwa hadithi za Mang'ula. Mto wa maji baridi unaotoka mlimani. Mawe ya kurukia. Mafundi wa Kichina waliowapa watoto peremende. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kupelekwa. Mshahara wa mwalimu una kazi nyingi, na mwenye nyumba ya kujenga hana ya kutalii.

Sasa kijana ana kazi Dar es Salaam, anafunga mitambo ya umeme wa jua. Alhamisi jioni alipanda treni ya SGR, akafika Morogoro usiku, akalala nyumbani. Asubuhi mama yake aliwafungia vitumbua na chupa ya chai, akamwambia jambo moja tu mlangoni: "Mwangalie baba yako."

Ni maneno ambayo mama yeyote husema. Kijana aliyapokea hivyohivyo.

Kutoka Mikumi basi linaacha barabara ya Iringa na kukamata ya Ifakara. Linashuka hadi Kidatu, linavuka Mto Ruaha Mkuu, kisha linaingia kwenye mashamba ya miwa ambayo macho hayafiki mwisho wake. Mkono wa kulia milima inainuka ghafla kama ukuta, kijani iliyokolea hadi karibu nyeusi, wingu limekaa juu. Kushoto ni bonde la Kilombero, tambarare tupu. Kwa mtu aliyezoea Dar es Salaam, ni vigumu kuamini kwamba vitu viwili vilivyotofautiana hivyo vinaweza kugusana bila kitu chochote katikati.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na vilele vyake vya juu vinapita mita 2,500. Haina barabara ya magari ndani. Hapa hakuna kukaa kwenye gari na kunyoosha kidole. Ni miguu yako na askari wa hifadhi mbele yako. Malipo ya kuingia na kupiga kambi hayapokewi taslimu, na Mtanzania hulipa kiasi kidogo sana akilinganishwa na mgeni. Ni ajabu kwamba kwenye njia zake unakutana na Wazungu wengi kuliko watu wa Morogoro.

Walipiga hema karibu na makao makuu ya hifadhi hapo Mang'ula, kwenye uwazi mdogo chini ya miti mirefu. Mto uko hatua chache kutoka hapo. Ni mwembamba na hauna kina kirefu, lakini una haraka. Maji yanapiga jiwe hadi jiwe, na sauti yake haikatiki mchana wala usiku. Mzee alivua viatu hata kabla ya kusaidia kufunga kamba za hema. Akaingia hadi magotini, akachota maji kwa viganja, akajimwagia usoni.

"Ni yaleyale," alisema.

Alimwonyesha kijana upande ambao bibi yake alikuwa akipita kwenda kuokota kuni. Hata baada ya msitu kuwa hifadhi, wanavijiji waliendelea kuruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka kwa siku maalumu, hadi ruhusa hiyo ilipoondolewa mwaka 2011. Mzee anaunga mkono kuulinda msitu. Bila msitu mto haupo, anasema. Lakini anajua pia kwamba kuna mama huko kijijini aliyezima jiko siku hiyo akakaa anawaza, na hilo halisomeki kwenye kibao cha getini.

Jioni walipika wali wa Kilombero kwenye jiko dogo la gesi, wakala na dagaa wa kukaanga. Mzee alikula vizuri, akasimulia vizuri. Chai aliikataa.

Mara tano

Hema lilikuwa la watu wawili, yaani watu wawili wembamba. Tangu kijana ahame kitandani mwa wazazi akiwa mdogo, hakuwahi kulala karibu na baba yake kiasi hicho. Nyumbani kuna kuta, kuna milango, kuna heshima. Mtoto wa kiume akishabalehe hapiti hata mbele ya mlango wa chumba cha wazazi bila kukohoa kwanza.

Saa tano usiku zipu ya hema ilifunguka. Mzee alitoka na tochi. Kijana alisikia perere akilia mlimani, ule mlio unaoanza kama mlango mbovu na kuishia kama mtu anayenyongwa, akatabasamu gizani kwa sababu baba yake alikuwa amemtahadharisha mapema asije akakimbia.

Saa saba zipu tena. Saa nane tena.

"Huu mto ndio unaniita," mzee alinong'ona akirudi, kwa sauti ya utani. "Maji yakilia na mimi nasikia haja."

Saa tisa na nusu alitoka mara ya nne, na safari hii hakurudi upesi. Kijana aliona mwanga wa tochi kupitia kitambaa cha hema, umetulia mahali pamoja, kwenye shina la mti. Dakika zikapita. Mto ulikuwa unafunika kila sauti. Akaanza kufikiria nyoka, akafikiria tembo, kwa sababu Udzungwa ina tembo wa msituni na jioni askari alikuwa amewaonyesha kinyesi chao njiani. Akavaa kandambili akatoka.

Baba yake alikuwa amesimama, mkono mmoja ameegemea mti, kichwa kimeinama.

"Baba, uko salama?"

"Rudi ukalale." Ilikuwa sauti ya darasani, ile ya miaka 20 iliyopita.

Kijana akarudi. Zipu ilifunguliwa tena kabla ya saa kumi na moja. Mara tano kwa usiku mmoja, kwa mtu ambaye tangu mchana alikuwa amekunywa nusu chupa ya maji. Hapo ndipo mambo ya safari yote yalipojipanga yenyewe kichwani mwa kijana: lile jasho mbugani, maji aliyoyakataa, honi mbili za Mikumi, chai ya jioni.

Mbele ya maporomoko

Maporomoko ya Sanje yanaanguka zaidi ya mita 170 kwa hatua tatu. Njia yake inaanzia upande wa kijiji cha Sanje, kaskazini ya Mang'ula, na kuizunguka yote kunachukua saa nne hivi kwa mtu asiyekimbia. Ni ya kupanda tangu mwanzo. Mizizi imejisokota kama kamba, udongo unateleza hata kiangazi, hewa ni nzito na inanuka majani mabichi. Hondohondo wakiruka juu ya miti mabawa yao yana mshindo unaosikika kabla hujawaona.

Walibahatika kusikia ngolaga. Huyu ni nyani wa msituni ambaye haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa milima hii. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, na hata hapo ilikuwa kwa sababu mwenyeji aliyewaongoza alisikia mlio na kuwaambia mnyama gani analia. Mzee aliifurahia sana habari hiyo. Yeye na wenzake walikuwa wakimfukuza ngolaga kwenye mahindi miaka saba kabla ya kitabu chochote kumjua.

Kila baada ya muda mzee aliomba kupumzika, akapotea kidogo nyuma ya mti. Askari wa hifadhi, kijana wa umri wa mtoto wake, aligeuka kila mara kuangalia bonde kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuliona. Kuna watu wana malezi.

Walipofika chini ya maporomoko, mvuke wa maji ukawalowanisha uso. Wakakaa juu ya jiwe. Mzee akatazama juu, ule mkondo mweupe unavyomwagika kwa nguvu bila kukoma, akatazama kwa muda mrefu.

"Zamani na mimi nilikuwa naweza hivyo," akasema.

Kijana alicheka hadi akashika mbavu. Baba naye akacheka. Kisha mmoja akanyamaza, na mwingine.

"Tangu lini, baba?"

Katika familia nyingi zetu swali hilo halina mlango. Mtoto hamuulizi baba yake habari za mkojo. Kama kuna jambo, linapitia kwa baba mdogo au mjomba, linazunguka ukoo, na likifika limeshachelewa. Ilibidi uwe utani, na mzee mwenyewe ndiye aliuanzisha.

Miaka miwili, alijibu. Ilianza kwa kuamka mara moja usiku, ikawa mbili. Mkojo unachelewa kutoka, ukitoka hauna nguvu, ukikatika unarudi, na akimaliza bado anahisi haujaisha. Kwenye mikutano ya ukoo anakaa karibu na mlango. Msibani hakai sana. Kanisani ameacha kwaya aliyoimba kwa miaka mingi, na watu wanadhani aligombana na mwalimu wa kwaya.

Amekuwa akitumia unga kutoka kwa muuzaji mmoja wa stendi, kopo lisilo na nembo, shilingi 15,000 kila mwezi. "Yule ana kipaza sauti," mzee alisema. "Anasema yote ninayosikia mwilini, moja baada ya jingine. Nikaona huyu ananijua."

Hospitali je? Mzee alinyanyua mabega. Rafiki yake waliyefundisha naye alikwenda hospitali na tatizo kama hilo, akaambiwa ni saratani, akafa kabla mwaka haujaisha. Na kuna kile kipimo cha kidole ambacho wanaume hukitania kijiweni. "Mimi nimefundisha nusu ya mji. Nikute daktari ni mwanafunzi wangu?"

Kijana hakuwa na majibu ya kitabibu. Alisema tu kwamba akiwa darasa la tatu alikataa kuchanjwa, akajificha chooni, na ni baba huyuhuyu aliyekuja kumtoa, akamshika mkono hadi kwenye sindano. Mzee akakumbuka. Hakusema atakwenda, lakini hakusema hatakwenda.

Kinachoitwa uzee

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kikiwa kimeuzunguka mrija wa mkojo. Kila mwanaume anacho. Umri ukienda, kwa wengi hukua, na kikikua hubana mrija. Karibu nusu ya wanaume wenye miaka 50 hadi 60 wana tezi iliyoanza kukua, na idadi huongezeka kadiri umri unavyosonga. Kukua huko peke yake si saratani, wala hakugeuki kuwa saratani. Lakini dalili zinaweza kufanana, na hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa kusikiliza kipaza sauti cha stendi.

Kuamka usiku kuna sababu nyingine pia. Kisukari humfanya mtu akojoe mara nyingi, na mara nyingi huja na kiu isiyoisha. Maambukizi ya njia ya mkojo, matatizo ya moyo, hata baadhi ya dawa za presha huleta hali hiyo. Kwa hiyo vipimo huanza na vitu rahisi: mkojo na sukari. Damu hupimwa kiwango cha PSA, picha ya ultrasaundi huonyesha kama kibofu kinabaki na mkojo, na kile kidole kinachoogopwa huchukua chini ya dakika moja. Wengi hutibiwa kwa vidonge. Baadhi huhitaji upasuaji.

Kinachoharibu ni kukaa nayo kimya. Mkojo unaobaki ndani huleta maambukizi na mawe, na ukirudi nyuma kwa muda mrefu huweza kuumiza figo. Mwanaume aliyeshindwa kabisa kukojoa, anayeona damu kwenye mkojo, au mwenye homa pamoja na maumivu hayo, asisubiri asubuhi. Na kujinyima maji mchana kutwa, kama alivyokuwa akifanya mzee wetu, hakutibu kitu. Kinachosaidia ni kupunguza vinywaji saa chache kabla ya kulala, hasa chai na kahawa, na kunywa vya kutosha mchana.

Usiku wa pili

Jumamosi jioni walirudi kambini wamechoka. Walioga mtoni, mahali maji yanapokimbia. Kwenye madimbwi yaliyotuama kando hawakuingia, kwa sababu konokono wa kichocho hupenda maji ya namna hiyo. Wakajipaka dawa ya mbu mapema. Mang'ula iko chini, bondeni kuna joto na malaria ipo, na anayekwenda kule akidhani milima itamkinga atajuta. Maji ya kunywa walichemsha, ingawa mzee aliona ni maringo kuchemsha mto aliokunywa akiwa mtoto.

Usiku huo mzee alitoka mara nne. Kila zipu ilipofunguka kijana naye alitoka, akasimama hatua kadhaa pembeni akiwa amempa mgongo, akimulika njia kwa tochi. Mara ya kwanza mzee alikoroma kwa hasira. Mara ya pili hakusema kitu. Mara ya tatu walikaa kabisa nje, kwenye jiwe, wakisikiliza mto na perere, na mzee akaeleza jinsi treni ya kwanza ilivyopita Mang'ula na watoto wote wakaikimbilia bila viatu.

Jumapili asubuhi, wakati baba yake akiosha sufuria, kijana alisogea barabarani akapata mtandao, akampigia mama.

"Umeona?" mama aliuliza kabla hajasalimiwa.

"Nimeona. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje mwanangu mambo ya baba yako? Nimesema naye miaka miwili hanisikii. Nikaona acha mkalale hema moja."

Jumatatu kijana aliomba ruhusa kazini. Mzee alivaa koti lake la sherehe kwenda kupimwa. Daktari hakuwa mwanafunzi wake. Alikuwa dada mdogo wa mwanafunzi wake, jambo ambalo mzee analihesabu kuwa baya zaidi. Sukari ilikuwa sawa. Tezi ilikuwa imekua, kibofu kinabakiza mkojo mwingi kuliko inavyotakiwa. Majibu ya PSA yalichukua siku kadhaa, na nyumba nzima haikulala vizuri siku hizo. Hayakuonyesha cha kutia shaka, lakini atapimwa tena. Alianzishiwa vidonge vya kumeza kila usiku, na onyo kwamba asiinuke kitandani kwa pupa, maana vinaweza kuleta kizunguzungu. Kopo la stendi mama alilitupa chooni mwenyewe.

Tangu hapo kila asubuhi mzee humtumia kijana wake ujumbe kwenye simu. Hauna salamu wala maneno, ni tarakimu tu. Agosti zilikuwa 4 na 4 na 3. Septemba zilishuka hadi 2, zikapanda tena hadi 3 wiki ya arusi moja iliyokuwa na chai nyingi.

Mwanzoni mwa Oktoba ilikuja 1. Dakika moja baadaye ukafuata ujumbe mwingine: "Na hiyo ni mbwa wa jirani."